Jiwe la Jikoni kwa Félicien

Wazazi, majirani na wote mliothubutu kutoka nyumbani kuja hapa, mimi ni Baudouin, mdogo wa marehemu, familia imenituma niwaeleze kaka yangu Félicien alipita wapi hapa duniani.

Alizaliwa Djugu tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi hukohuko na sekondari hapa Bunia, akaenda Lubumbashi kusomea jiolojia, akarudi mwaka 1977 na diplome na nyundo, akaingia kazi ya serikali, ambayo mishahara yake mnaijua. Tarehe 2 Agosti 1980 alifunga ndoa na Madeleine Kavira, binti wa Butembo, wakajaliwa Arielle na Fiston.

Kazi aliyoipenda ilikuwa kukusanya, kando ya mto Aruwimi, mawe meusi ambayo zamani sana yalikuwa tope la bahari, ajue kama tope lile liliwahi kuzaa petroli, na jibu lilitaka laboratwari, jiwe lipashwe moto na kupimwa kinachotoka. Vita vikafunga barabara, masanduku ya mawe yakabaki nyumbani kwake, mtaa wa Mbunya hapa Bunia, miaka minne.

Tarehe 9 Mei 2003, kaka akiwa amepeleka watoto kambi ya wakimbizi ya uwanja wa ndege, vijana wenye silaha waliingia, wakasema, "Mutu hawezi ficha mawe ya bure, hii iko na or," yaani dhahabu, wakayaponda kwenye kinu cha shemeji Madeleine, wakayaosha kwa beseni kama wachimbaji, wasipate hata chembe. Kazi ya maisha yake ikawa tope uani.

Shemeji alikuwa ameokoa moja, akiliweka haraka kati ya mawe ya jiko, chini ya sufuria ya maharagi, moto ukiwaka. Kaka aliporudi alikutana na harufu ya petroli mlangoni, akaonja maharagi, akalia, akasema, "Mado, weye ndiyo laboratoire, mafuta iko." Jiwe lililoungua halipimwi tena, naye alilijua hilo, ila hakumlaumu hata siku moja, kilichomla moyo ni kujua jibu bila kuwa na cha kuonyesha.

Aliugua homa ya matumbo kambini, akafariki tarehe 22 Juni 2003.

Tunawashukuru madaktari wa kambi, majirani waliochimba kaburi huku risasi zikisikika, na wenzake wachache wa ofisi waliobaki. Msalaba hatukupata, tutaweka jiwe lile kichwani pa kaburi, na nyinyi vijana tunawaomba kwa heshima, halina dhahabu, msiliponde.

Kaka Félicien, pumzika kwa amani.