Kikombe cha Shangazi Ernestine

Weka simu mezani, Christa, nimekuelewa: hospitali wamepata nafasi, nasafiri kesho. Acha nimalizie kuchagua maharage haya, nisipoyachagua mtakula mawe, na nyinyi kaeni hapa mnisikie, maana anayekwenda kulazwa mbali asiondoke na maneno tumboni.

Presha yangu haitoki kwenye mawazo, kama mnavyosema. Tezi ndogo iliyokaa juu ya figo la kushoto imeota uvimbe, inamwaga homoni kupita kiasi, chumvi inabaki mwilini na potasiamu inatoka na mkojo. Ndiyo maana miguu iligoma siku ya mahari yako, Christa. Watanitoboa matundu madogo ubavuni, waingize kamera, waitoe tezi hiyo bila kunipasua. Huenda nikapona kabisa. Huenda nisirudi.

Nisiporudi, nyumba hii ya Musaga ni yenu nyote, na asiuze mtu chumba chake. Cherehani ni ya Joëlla, kwa kuwa ndiye anayeitia mafuta. Rénovat, utakalia kiti cha marehemu baba yenu, lakini kukikalia si kufoka.

Sasa shangazi yenu Ernestine. Siku ile nilianguka baada ya kunywa urwarwa wake, na tangu hapo mnasema alinitilia sumu. Akileta hiyo pombe ya ndizi mnamsimamia aonje kwanza, na akishaonja bado mnaimwaga nyuma ya choo. Mwenye kuleta kuonja ni heshima yetu. Nyinyi mmeigeuza mahakama. Na wewe Rénovat, eti hunywi cha mchawi, wakati hakuna baa ya mtaa huu ambayo huzijui glasi zake. Uvimbe nimeuona kwenye picha ya daktari. Ernestine hakuuweka pale. Nikifia mikononi mwa madaktari, jina lake lisitajwe kilioni, wala asifungiwe mlango huu.

Nimemwita leo. Huyo anabisha, Joëlla, mfungulie. Christa, pokea ungo, mkono umekaza tena. Pakueni ugali na vile visamaki vya ndagala, maharage ni ya kesho.

Karibu, wifi. Hapana, leo usionje urwarwa wako. Mimi daktari amenikataza, ataanza Rénovat. Kunywa, mwanangu, nikuone ukimeza.

Vizuri.

Mungu awalinde, awaache... ngoja nipumue... awaache mkipikiana na mkila pamoja. Christa yupo. Joëlla. Rénovat. Ernestine, sogea karibu na sahani. Tumetimia. Kuleni.