Walituhesabu Kujaza Jimbo, Siku ya Kura Wakatusahau
Risala ya wakazi wa Ziwa Namekus

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mbunge Graham Tollefsen, Chifu wetu, wazee na jamaa wote mliojaa ukumbi huu wa shule: karibuni. Mimi ni mwalimu Darlene Keesic, nimetumwa na baraza kusoma yale tuliyokubaliana sote.

Mheshimiwa, msaidizi wako ameninong'oneza pale mlangoni, "Dada, dakika mbili tu, ndege inasubiri." Rubani ni mpwa wangu. Atasubiri.

Jimbo lilivyozaliwa

Miaka mitatu iliyopita walikuja watu wenye makaratasi. Waligonga kila mlango, wakahesabu hata watoto wachanga. Tulitoka watu 1,412. Walituambia kaskazini itapata jimbo jipya la ubunge, na bila sisi idadi haitoshi. Tulifurahi, Mheshimiwa. Tuliwapikia nyama ya paa mkubwa na mkate wa kukaanga, wakafungasha na wa njiani.

Jimbo likapatikana. Jina la ziwa letu limo ndani ya jina lake.

Siku ya kupiga kura

Wiki moja kabla ya uchaguzi, mwezi wa nne, tuligundua kwamba kituo chetu kimewekwa kwenye kambi ya mgodi, ng'ambo ya ziwa. Chifu alipiga simu ofisi ya uchaguzi sisi tukisikiliza.

"Ni kilomita themanini na nane tu," alijibu kijana wa huko. "Barabara ipo, naiona kwenye ramani."

"Hiyo ni barabara ya barafu, mwanangu, inapita juu ya ziwa lililoganda. Mwezi wa nne inayeyuka."

"Basi zungukeni."

"Tuzunguke wapi? Hakuna nyingine!"

Akasema atalifikisha suala letu kwa wakubwa. Mpaka leo tunasubiri lifike.

Wengi walikata tamaa. Bibi Verna Ouskan, huyu aliyekaa mstari wa mbele, alikataa. Mwaka watu wa asili tuliporuhusiwa kupiga kura bila kufutwa kwanza kwenye orodha ya watu wa asili, yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili. Tangu hapo hajakosa uchaguzi hata mmoja. Mwanawe Cyril alimsihi, "Mama, barafu imeoza. Kaa nyumbani." Akamjibu, "Nimekaa sana kabla hawajaniruhusu. Washa pikipiki."

Zikaondoka pikipiki za theluji kumi na moja, watu ishirini na sita. Kwenye mlango mwembamba wa ziwa, barafu ilikatika chini ya sleji ya kukokotwa aliyopanda bibi. Maji yalimfika magotini. Cyril alilala kifudifudi, akamtupia kamba, akamvuta huku barafu ikilia chini ya kifua chake. Walimkimbiza kwenye kibanda cha mtega wanyama, wakawasha moto, wakamvua viatu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Sanduku litafungwa saa ngapi?"

Njia ya mbele ilikuwa imekatika, wakarudi wote bila kupiga kura. Bibi alikatwa vidole viwili vya mguu vilivyokufa kwa baridi. Ndiyo maana hakusimama ulipoingia, Mheshimiwa. Ingawa ametuambia asubuhi kwamba hata angekuwa navyo vyote kumi asingesimama.

Kilichotuchoma zaidi

Hapa tuna wapiga kura 806. Wewe umeshinda kwa kura 214. Hatusemi ungeshindwa, hujui wewe, wala hatujui sisi.

Lakini mwezi uliopita tuliletewa barua na ofisi ile ile. Imeandikwa kwamba Ziwa Namekus hakukupigwa kura hata moja "kutokana na mwamko mdogo wa wananchi", na kwamba tutaletewa semina ya elimu ya uraia.

Semina! Cyril aliisoma barua hiyo kwa sauti, mama yake akiwa kitandani na mguu umefungwa bandeji. Alipomaliza, bibi alisema, "Waambie waje. Mimi ndiye nitakayefundisha."

Tunachotaka

Tulikuwa tumeandika "tunaomba". Wazee walifuta neno hilo.

Tunataka kituo kiwe humu ukumbini unamokaa sasa. Tunataka barua ile ifutwe kwa barua nyingine, imtaje Verna Ouskan kwa jina na ieleze alikuwa wapi siku ile. Na haya unayoyasikia uyaseme bungeni, kwa mdomo wako, kabla ya theluji kuanguka tena.

Usipofanya hivyo, hatutachoma kitu wala kumtukana mtu. Wenye makaratasi watakaporudi kuhesabu, watakuta milango 300 imefungwa kwa ndani. Hapo mtatafuta watu 1,412 wengine wa kulijaza jimbo lenu.

Chakula kiko tayari. Utakula, kwa sababu mgeni hatumnyimi. Utakaa karibu na Bibi Verna, na yeye ndiye atakayekupakulia.

Muumba akufikishe salama kwako, akupe afya, na asikupe usahaulifu.

Ni sisi,
Wakazi wa Ziwa Namekus, watu 1,412 kwa hesabu yenu. Juzi amezaliwa binti. Sasa tuko 1,413.