Fundi Nipo, Mlinzi wa Programu Zinazokufa Kimya

Mpendwa wetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, kitinda mimba wa fundi saa na mkunga. Dada yake anakumbuka kwamba alimeza skrubu kabla hajaota meno, na baba yao akasema, "Basi, huyu kazi ameshaichagua."

Alisoma shule ya jirani, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu umeme mwaka 1990. Kompyuta alijifundisha mwenyewe.

Tarehe 14 Desemba 1996 alimwoa mpiga chapa wa ofisi ya jirani, baada ya kuitengeneza mashine yake mara tatu bila kukuta ubaya wowote.

Kwa miaka mingi alitunza kompyuta za maabara ya hospitali. Moja, iliyotumia mfumo wa Linux, ilikuwa na programu ya kupeleka majibu ya vipimo wodini, na programu hiyo ilikuwa na tabia ya kufa kimya. Akaandika skripti, maagizo mafupi ya kuikagua kila dakika na kuiamsha ikizimika. Siku moja majibu yalikwama asubuhi nzima, huku skripti ikiripoti kwamba programu ni nzima. Kumbe skripti ilitafuta jina la programu kwenye orodha ya kazi zinazoendelea, na kwa kuwa yenyewe ilibeba jina hilo ndani ya maagizo yake, ilijikuta humo ikaridhika. Aliirekebisha, akawaambia wenzake, "Jamani, mlinzi asijihesabu." Wakamtania kwa maneno hayo hadi alipostaafu.

Mwanzoni mwa mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba, na ngazi zikamshinda. Kila alipoulizwa hali alijibu, "Nipo," jibu lililompa jina la utani tangu ujana. Nyumba nzima ikaridhika. Mkewe hakuridhika.

"Baba, unahema kama umekimbizwa."

"Nipo, mama. Uzee tu."

"Nimeuliza hali ya mgonjwa, kajibu mgonjwa mwenyewe. Mlinzi asijihesabu, si maneno yako?"

Alicheka hadi akakohoa, akaomba viatu waende hospitali. Lakini maji yalikwisha kumwagika: daktari aliukuta moyo umetanuka na kuchoka, na hakuwaficha.

Tangu alipolazwa, mkewe hakumuuliza yeye tena. Alimuuliza nesi. Asubuhi ya tarehe 22 Februari mwaka huu alimkuta amefumbua macho. "Nipo," akamwambia kabla ya salamu. Mkewe akamtazama nesi. Nesi akainamisha kichwa, akamsogezea kiti. Mkewe akaketi, akamshika mkono, na safari hii akamjibu mumewe mwenyewe: "Nimekuona, baba. Upo." Alifariki kabla ya adhuhuri.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, mjukuu mmoja na dada yake. Maabara wanasema skripti yake bado inakagua kila dakika.

Yeye amelinda vya kutosha. Na alale kwa amani, asiamshwe.