Peni ya Bwana Felisian na Jina Lililokataliwa

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bwana Felisian, Karani Mwandamizi wa Bohari ya Pembejeo hapa Musoma, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1994. Kamati ya sherehe imemteua mwandishi wa wasifu huu, Bwana Stanislausi wa meza ya pili, kwa kuwa ndiye aliyekaa jirani naye muda mrefu kuliko wote. Mwandishi anashukuru kwa heshima hiyo, ingawa anajua fika kwamba Bibi Ghati wa taipureta ndiye aliyeombwa kwanza, akasema ana kazi.

Bwana Felisian ni mzaliwa wa Kibara. Alianza nasi mwaka 1968 akiwa karani wa stoo Bunda, akapelekwa Butiama kufungua ghala dogo, kisha mwaka 1974 akaletwa Musoma. Mwandishi alikuwa ameajiriwa hapa muda mfupi kabla yake na tayari alikuwa ameshamwaga wino kwenye meza zote mbili. Kazi ya Bwana Felisian ilikuwa kuandika kila kinachoingia na kila kinachotoka: majembe, mbegu za pamba, pampu za dawa, magunia. Wakaguzi walikuwa wakiusifu mwandiko wake. Mwandiko wa mwandishi nao waliutaja, lakini hayo tuyaache.

Tusidanganyane, lakini. Sifa za Bwana Felisian hazikufika Guta na Makoko kwa sababu ya mwandiko. Zilifika kwa sababu ya kuzungusha peni vidoleni, kubuni mitindo mipya ya kuizungusha, na kuipa majina.

Mambo hayo yalianza wakati wa shida. Vijana wa leo, mnaoingia dukani na kuuliza bei tu, labda hamtatuelewa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini bohari yetu ilikuwa tupu. Hakuna kilichoingia, kwa hiyo hakuna kilichotoka, na karani asiye na cha kuandika hubaki na peni yake tu. Wakulima hawakuacha kuja. Walikuja kwa miguu na kwa baiskeli kutafuta jembe moja, na kazi yetu kutwa nzima ilikuwa kuwaambia hakuna. Mwandishi alikuwa akilisema neno hilo huku akitazama dari. Bwana Felisian halikumtoka kirahisi. Akawa anazungusha peni huku anatafuta namna ya kulisema, peni ikapita juu ya kidole gumba, ikazama, ikaibukia upande wa pili, na mkulima aliyekuja amefura akajikuta anatazama. Hakupata jembe, lakini aliondoka anacheka. Wengine walirudi wiki iliyofuata kuuliza kama kuna mtindo mpya, na wakishauona ndipo wanakumbuka kuulizia majembe.

Mitindo ilipokuwa mingi, ikabidi iwe na majina. Hapo Bwana Felisian akafuata utaratibu wa bibi yake. Katika familia yao, mtoto mchanga akilia bila sababu, wanamwitia majina ya ukoo moja baada ya jingine, na lile atakalolinyamazia ndilo lake. Bwana Felisian aliifanyia peni vivyo hivyo. Alizungusha mtindo mpya huku anatamka jina. Peni ikianguka, jina limekataliwa. Ikitulia mkononi, jina limekubaliwa, na hakuna rufaa.

"Foleni ya Sukari" ilikubaliwa papo hapo: peni inasogea kidole hadi kidole polepole, inakaribia kabisa cha mwisho, halafu inarudishwa mwanzo. "Ghati" ni mzunguko wa haraka unaoishia kwa kugonga meza, kama Bibi Ghati anavyoirudisha taipureta yake mwanzo wa mstari akiwa amekasirishwa na mtu, na kwa kawaida mtu huyo ni mwandishi. "Meneja Pastory" ni mtindo ambao peni inalala juu ya mgongo wa mkono na haifanyi chochote kwa muda mrefu. Meneja mwenyewe aliupenda sana. Alisema unaonyesha utulivu wa uongozi.

Mlinzi akapata wake. Mpika chai akapata wake. Hata mbuzi aliyekuwa akiingia ofisini kula bahasha akapata wake, tena mzuri. Jina la mwandishi peke yake ndilo peni ililolikataa. Kila mtindo mpya ulipozaliwa, Bwana Felisian, kwa wema wake, alianza na Stanislausi, na kila mara peni ilikwenda chini.

"Jina lako lina mkia mrefu, Bwana Stani," alikuwa akimpoza. "Peni inachokaga njiani."

Wakajaribu Stani peke yake. Peni ikaanguka upesi zaidi.

Msomaji atasema hilo ni jambo dogo. Ni dogo kweli kwa mtu ambaye jina lake limeshachukuliwa. Mwandishi aliutaka mtindo huo kuliko alivyotaka kupandishwa cheo, na tusisahau kwamba cheo nacho hakupata. Mwaka 1983 aliamua kubuni wa kwake na kuuita jina lake bila kumtegemea mtu. Alifanya mazoezi nyumbani kwake Makoko hadi mkewe, Mama Esta, akazificha chemni za taa. Akauzindua Guta, kwenye mkutano wa wakulima wa pamba, akiwa amekaa meza kuu. Peni ilizunguka vizuri sana mara moja, ikapaa, ikavuka safu ya mbele na kutua mapajani mwa mzee mmoja aliyekuwa akisinzia. Mzee akaiokota, akaitazama, akasimama.

"Ahsante sana kijana," alisema mbele ya mkutano wote. "Mimi nilikuwaga na shida ya peni kweli. Mungu akuzidishie."

Watu wakapiga makofi. Sasa utamdaije? Peni hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho ofisini, na mwandishi alirudi Musoma kumweleza Meneja kwamba ameigawa. Kwa siku zilizofuata Bwana Felisian alizungusha bua la mtama bila kulalamika, na mwandishi aliombwa akae mbali nalo.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Zikaja peni za kila rangi, zenye vifuniko na zenye vibanio, na moja nene yenye wino wa rangi nne ambayo ilimpiga Bwana Felisian chini ya jicho siku ya kwanza. Majembe nayo yakaja. Hapo ndipo tulipomwona karani hasa. Aliandika hadi kidole kikaota sugu, akalifufua ghala la Butiama lililokuwa limegeuka makazi ya popo, na wale wakulima aliowachekesha wakati wa shida aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, waje kuchukua walichokikosa. Peni aliizungusha wakati wa chai tu.

Mwaka juzi ilipokuja habari ya kupunguza wafanyakazi, makao makuu walimtuma Bwana Bernado aje aone nani anafanya nini. Kwa bahati mbaya aliingia wakati wa chai. Akasimama mlangoni na jalada lake, akaitazama peni inavyopanda na kushuka.

"Hii nayo ni kazi gani?" aliuliza.

"Hii bado haina jina, mzee," Bwana Felisian alimjibu kwa heshima zote. "Tunalitafuta."

Tulijua tumekwisha. Lakini Bwana Bernado akavuta kiti, akaomba aone tena. Kabla ya saa ya kufunga, jina lake lilikuwa limejaribiwa, na peni ikatulia mkononi kana kwamba ilikuwa ikimsubiri yeye tu. Aliondoka kesho yake akiwa na furaha, na hakuna mtu wa ofisi yetu aliyepunguzwa. Bibi Ghati anasema ni kwa sababu ya peni. Mwandishi anadhani ni kwa sababu ya vitabu safi vya Bwana Felisian, na anasisitiza kwamba hana wivu wowote na mtu aliyekaa kwetu siku mbili akapata kile ambacho yeye amekingoja miaka yote hii.

Mwezi huu wa mwisho, ofisi nzima imeshirikiana. Meneja Pastory aliruhusu chai iwe ndefu. Bwana Felisian, ambaye vidole vyake sasa ni vizito asubuhi, alibuni mtindo mwepesi kabisa, mzunguko mmoja tu, akasema huu hauwezi kukataa. Akatamka Stanislausi kwa haraka, kwa upole, na kwa kuimba. Ijumaa jioni aliiokota peni chini ya meza kwa mara ya mwisho, akaifuta kwa leso, akasema samahani. Mwandishi alimwambia si kitu. Alikuwa anasema uongo.

Jumatatu Bwana Felisian alichelewa kazini, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alitoka Kibara, alikokwenda kwa sababu binti yake Lukresia amejifungua mtoto wa kike. Jumapili mchana mtoto alikuwa akilia tu. Mama Marcelina, mke wa Bwana Felisian, aliita majina ya mabibi wote wa upande wa kuumeni na wa upande wa kukeni, na mtoto akayakataa yote. Bwana Felisian alikuwa amekaa pembeni na peni yake, amechoka, anaizungusha kwa mazoea, na kwa mazoea hayo hayo mdomo ukatamka Stanislausi. Mtoto akanyamaza. Wakarudia majina ya mabibi, akalia. Wakarudi kwa Stanislausi, kimya.

"Wewe mzee," Mama Marcelina alimgeukia, "huyo Stanislausi ni nani kwenye ukoo wetu? Na huyu si mtoto wa kike?"

"Ni wa ofisini," Bwana Felisian alijibu. "Ila ni wetu."

Padre amesema siku ya ubatizo ataona la kufanya.

Naiomba Kamati iniruhusu kuanzia hapa niache kujiita mwandishi, maana siwezi tena. Bwana Felisian alinisimulia hayo akiwa amesimama mbele ya meza yangu na kofia mkononi. Nilichoweza kumuuliza ni kama peni ilianguka. Alisema hakuangalia.

Bwana Felisian, kwa niaba ya meza zote za bohari hii, na kwa niaba ya wale waliokuja kwetu wakakosa majembe lakini wakaondoka wanacheka, tunakushukuru. Ukale jasho lako uzeeni kwa amani, wewe na Mama Marcelina, vidole vyako vipone na wajukuu wakuzunguke. Umeniambia kuwa kwenu mwenye jina lazima aje ampakate mtoto. Nitakuja Kibara mwezi ujao na kanga na sabuni. Mwambie wajina wangu asiogope: nitampakata nikiwa nimekaa chini.