Jicho Lililoniponza Ukweni

Ndugu zangu, Bwana asifiwe hapa Meru na kote duniani! Anayesimama mbele yenu si mtu wa kuokotwa. Nilishuka pwani nikiwa mpagazi, nikarudi na cheti cha uuguzi chenye muhuri wa Mjerumani. Kutoka Tengeru hadi Nduruma, nani mwingine anacho? Hayupo!

Uzeeni nikaanza kuona nguzo za nyumba yangu zimepinda. Nikamfukuza fundi wangu bure. Kisha doa likaingia katikati ya nyuso za watu: masikio nayaona, pua siioni! Nikaujua ugonjwa, maana nilisomea. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna utando unaopokea picha, na katikati yake pana kisehemu kidogo cha kuonea sura na maandishi. Mtu akizeeka, uchafu hujikusanya chini ya kisehemu hicho, nacho huchakaa polepole, kama mkeka unaotoboka pale mtu anapokaa siku zote. Pembeni hubaki pazima. Kwa hiyo nikitaka kumwona mtu, sharti nimtazame jirani yake. Lakini msomi kama mimi, nimwambie nani kwamba sioni? Nilimwambia mke wangu tu.

Siku ikafika ya kumposea mwanangu Elia. Baba wa binti alipopokea kibuyu cha pombe ya ndizi, iliyochotwa kwenye chungu tulichokuja nacho, kwa desturi ilinipasa nimtazame usoni mpaka ameze. Nikageuza macho ili nimwone vizuri. Ndugu zangu, yakatua juu ya mkewe!

"Wewe!" akanguruma. "Umekuja kuposa binti au mama yake?"

Kibuyu kikawekwa chini. Elia akaanza kulia, kijana mwenye ndevu! Nikaomba moyoni: Bwana, niokoe, mwanangu anakosa mke!

Mke wangu akasema, "Baba, msamehe. Mzee wangu haoni katikati."

"Uongo!" akafoka baba wa binti.

Akanijia karibu, na baadaye niliambiwa alinitolea ulimi wote. Mimi ulimi huo sikuuona! Ndipo Bwana akanionyesha kitu pembeni!

"Mzee mwenzangu," nikasema, "uso wako siuoni. Lakini ndama wako anamaliza pombe."

Wakageuka. Ndama kazamisha kichwa chunguni! Mzee akacheka mpaka akaketi chini. "Mkwe, njoo ukae hapa, unilindie pombe!"

Elia ameoa. Doa bado ninalo, ila aibu Bwana ameiondoa. Nawe unayeficha giza lako, mwamini Yeye, useme wazi. Na nikisalimiana nawe huku natazama kando, usinune, ndugu yangu: ni wewe ninayekutazama!