Eti Mcheshi

Mbele yangu kwenye treni walikaa shangazi mtu na binti wa kaka yake, wametoka kijijini kumzika mama wa mmoja, bibi wa mwingine. Shangazi, fundi cherehani, alishika karatasi ya wasifu wa marehemu kama barua ya kufukuzwa kazi.

“Umewasomea watu ‘alikuwa mcheshi’. Mcheshi nani?”

“Bibi, shangazi. Aliniita mke mwenza. Eti nimemwibia bwana! Halafu anacheka mpaka anashika mbavu.”

“Mama yangu? Mimi nilimjua kwa ‘umeteka maji?’ na ‘jembe liko wapi?’ Meno yake niliyaona akitafuna mahindi tu.”

“Labda alikuwa amechoka, shangazi. Mlikuwa sita.”

“Ndiyo, achokee kwangu, apumzikie kwako. Mimi nilime, wewe uvune!”

Mimi, mtu wa chama cha wafanyakazi, miaka thelathini nimewahubiria vibarua habari ya anayelima na anayevuna. Kicheko sikuwahi kukiweka kwenye madai.

“Basi nilifute neno hilo?” binti akauliza.

“Ulifute, na kijiji kizima kimeshasikia?” Akaikunja karatasi, akaikunjua tena. Kisha, kwa sauti ya chini: “Alikuwa anachekaje?”

Binti akajaribu. Kicheko kilianzia puani, kikakwama, kikatoka na kikohozi. Abiria wakageuka.

“Mwongo wewe,” shangazi akasema, machozi yakimlengalenga. “Hebu rudia.”

Treni ikasimama kituo cha mwisho. Tulishuka sote kwa vikumbo, isipokuwa wao wawili.