Kengele ya Gathogo

Garimoshi lilikuwa limetoka Thika, na Warigia, abiria wa kiti cha dirishani, ametega sikio. Mbele yake Katekista Kagwe alikuwa anamkatalia mama mmoja kumpigia marehemu wake kengele ya kanisa siku ya mazishi.

"Kasumba, hiyo afyuni ya kulevya, ndiyo imeua Gathogo, mama. Angeuawa na dawa ya daktari, ningepiga kengele mpaka Juja wasikie."

"Mwalimu, huyo ni ndugu yangu! Alianza na dawa ya mgongo ya daktari, ile ya kodeini. Ilipoisha, akanunua kasumba ya vichochoroni. Zote zinatoka kwa ua moja, ua la afyuni. Wewe unajuaje ni gani ilimmaliza?"

"Ya daktari iko na lebo."

"Haiya! Kumbe huko mbinguni wanasoma lebo?"

Warigia akaziba mdomo kwa leso. Kagwe akakohoa, akatoa chupa ya dawa ya kifua, akapiga mafunda mawili ya nguvu.

"Na hiyo, mwalimu, imetengenezwa na nini?"

Kagwe akageuza chupa, kidole kikakwama kwenye neno "kodeini". Garimoshi likasimama Ruiru, yeye bado anasoma.